Paka mwenye kisukari, siku ya tatu hajapata choo na sindano ya jioni inakaribia. Nifanyeje?

Mama Shomari (#1)

Wakuu habari za jioni. Nina paka dume aliyehasiwa, anaitwa Shomari, miaka 12, kilo tano na ushee. Kisukari kiligundulika miezi saba iliyopita, anachomwa insulini uniti 2 asubuhi na uniti 2 jioni.

Leo ni siku ya tatu sijaona choo kwenye trei yake ya mchanga. Juzi alitoa vidonge vitatu vikavu kama vya mbuzi, kimoja nimekikanyaga kwenye ujia usiku. Tangu hapo kimya. Anaingia kwenye trei, anachuchumaa, anatoa mlio mfupi, anatoka. Saa nane mchana katapika povu jeupe. Chakula cha asubuhi kalamba mchuzi, nyama kaiacha.

Sukari asubuhi ilikuwa 340 (kwa wanaotumia mmol ni kama 19). Sindano ya jioni ni saa mbili, sasa hivi saa kumi na mbili na nusu.

Maswali yangu: nimchome au nisimchome? Nina chupa ya laktulosi (dawa ya kulainisha choo) iliyobaki ya mama mkwe, naweza kumpa? Na kuna ile enema ya watu ya chupa ndogo, dawa ya kusukumwa kwa njia ya haja kubwa, nimeambiwa ndani ya dakika tano kazi imekwisha. Wenye uzoefu naomba msaada, na msinicheke.

---

Bwana Masharubu (#2)

Pole mama Shomari. Hilo dogo sana. Kijiko cha mafuta ya kula, unamshika shavu, unammiminia. Wa kwangu nilimfanyia hivyo, asubuhi yake mambo yakawa mswano. Siyo kila kitu cha kukimbilia kwa daktari.

---

Sindano Mbili (#3)

Mama Shomari, usimmiminie chochote kwanza. Nijibu haya haraka:

Mkojo anatoa? Nauliza kwa sababu ni dume. Paka dume anayejikamua kwenye trei halafu hakitoki kitu, nusu ya watu wanadhani choo kumbe njia ya mkojo imeziba. Hiyo haisubiri kesho, ndani ya siku moja au mbili inaua. Na wenye kisukari hupata maambukizi ya mkojo kirahisi kwa sababu mkojo wenyewe una sukari.

Nenda kwenye trei sasa hivi, tazama kama kuna bonge jipya la mchanga ulioloa mkojo.

Na namba ya daktari wake unayo? Mpigie kabla ya saa mbili, usisubiri baada ya sindano.

---

Mama Shomari (#4)

Mkojo upo. Mabonge mawili ya tangu mchana, makubwa kuliko ngumi yangu. Anakunywa maji mpaka bakuli linakauka. Daktari nimempigia, simu inaita tu.

---

Sindano Mbili (#5)

Afadhali. Basi tatizo ni choo kweli. Endelea kupiga, na tafuta namba ya kliniki inayopokea wagonjwa wa dharura usiku. Kutapika pamoja na kukataa kula pamoja na kisukari, hizo tatu zikikaa pamoja hatulali nazo.

Pima sukari tena sasa hivi, ya asubuhi imeshapitwa na wakati.

---

Tabibu wa Wanyama (#6)

Nimepita hapa nikakuta swali la enema, nikasema nisipite kimya. Mimi ni daktari wa mifugo, ila simjui mgonjwa huyu wala sijamgusa, kwa hiyo nayasema ya jumla na uamuzi ni wa daktari wake.

Ile enema ya chupa ndogo ya watu, nyingi zake ni za fosfeti, aina ya chumvi. Kwa paka ni sumu. Fosfeti na sodiamu vinafyonzwa kupitia utumbo mpana, kalisiamu ya damu inaporomoka, paka anatetemeka, anapata degedege, na wengine wanakufa saa chache baadaye. Mwenye kisukari anakuwa ameshakaukiwa na maji na pengine figo zimechoka, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuangukia hapo. Itupe, isikae hata kabatini.

Mafuta ya kumimina mdomoni, nampinga ndugu yangu Bwana Masharubu kwa heshima. Mafuta hayana ladha kali, koo la paka halishtuki, hayamezwi vizuri na yanateleza kwenda kwenye mapafu. Nimeshaona nimonia ya namna hiyo na haitibiki kirahisi. 

Sasa sindano. Paka asiyekula ukimchoma dozi kamili, insulini inafanya kazi bila chakula cha kuishughulisha, sukari inashuka usiku wakati wewe umelala. Lakini kuiruka sindano kwa siku moja mbili "mpaka apate choo" nako kuna shimo lake: mwili ukikosa insulini unaanza kuunguza mafuta, ketoni (tindikali zinazotokana na mafuta hayo) zinapanda, na hapo kutapika kunazidi na mtu anaendelea kudhani ni choo. Ndiyo maana uamuzi wa usiku huu unategemea vitu vitatu: sukari ni ngapi sasa, amekula kiasi gani, na ketoni zipo au hazipo. Madaktari wengi kwa hali ya namna hii hupunguza dozi badala ya kuiacha kabisa, lakini kiasi gani atakuambia aliyemwona.

Una vile vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo? Kama unavyo, chovya. Kama huna, nusa pumzi yake: harufu ya tamutamu kama matunda yaliyoiva kupita kiasi au ya kiondoa rangi ya kucha, ondoka nyumbani dakika hiyo hiyo.

---

Mama Shomari (#7)

Sukari 368. Vijiti sina. Pumzi inanuka samaki tu kama kawaida yake. Daktari kapokea, kasema nimlete sasa hivi kwenye kliniki ya usiku na nisimchome mpaka afike huko. Tuko njiani, nitarudi.

---

Bwana Masharubu (#8)

Daktari nimekubali, ya mafuta nafuta. Wa kwangu alikuwa na bahati basi. Ila nieleweshe kitu, huyu paka anakunywa maji bakuli zima, vipi choo kiwe kikavu? Mimi nilijua choo kigumu ni cha asiyekunywa maji.

---

Tabibu wa Wanyama (#9)

Swali zuri, wengi hapa ndipo wanapopotea.

Sukari ya damu ya paka ikivuka takriban 250 hadi 300, figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji. Kwa hiyo anakojoa sana, ndipo anakunywa sana ili kufidia. Maji anayokunywa anayafukuzia yaliyokwisha kutoka, hayafiki mbele yake. Mwili ukiwa na deni la maji unayatafuta kila mahali, na utumbo mpana ndipo yanapopatikana kwa urahisi: kinyesi kikikaa humo kinakamuliwa maji mpaka kinakuwa kokoto. Kila saa kinavyokaa ndivyo kinavyokauka, na kinavyokauka ndivyo kinavyokataa kutoka.

Juu ya hapo mkojo mwingi unaondoka na potasiamu. Misuli ya utumbo bila potasiamu ni kama kamba iliyolegea, haivuti. Weka na umri, uzito, na magoti yanayouma akichuchumaa. Sukari isiposhughulikiwa, dawa ya choo utampa leo na wiki ijayo tutakutana tena hapa hapa.

---

Mama Shomari (#10)

Nimerudi wakuu, saa tano asubuhi, sijalala.

Walimpiga picha ya eksirei. Daktari alinionyesha kwenye skrini: utumbo mpana umejaa kuanzia karibu na mbavu mpaka mwisho, mavi yanaonekana meupe kabisa, karibu weupe wa mfupa. Akapima upana wa utumbo akaulinganisha na urefu wa pingili ya tano ya kiuno. Kasema ukipita karibu mara moja na nusu ya pingili, wanaanza kuhofia utumbo umetanuka na hautarudi. Wa Shomari ulikuwa mara moja na robo. Kasema tumewahi.

Potasiamu ilikuwa chini. Ketoni zilikuwepo lakini kidogo. Walimwekea dripu yenye potasiamu kwanza kwa saa kadhaa, wakampa insulini kidogo huku wanapima, halafu ndipo wakamtuliza kwa dawa na kumpiga bomba la maji ya uvuguvugu. Niliuliza mbona msianze na bomba mara moja, nesi akanijibu: "Paka aliyekauka ukimlaza kwa dawa kabla ya kumpa maji, unaweza usimwamshe."

Alfajiri kaamka, kala vijiko viwili vya chakula laini akiwa kwenye kizimba. Nililia kidogo, sikatai.

Bado yuko kule mpaka jioni. Wanasema nitaondoka na unga wa PEG, siyo laktulosi. Sikupata muda wa kuuliza tofauti.

---

Sindano Mbili (#11)

Mungu mkubwa. Mpe pole Shomari.

Tofauti kwa lugha ya nyumbani. Laktulosi ni sukari ya kutengenezwa ambayo utumbo hauifyonzi, inabaki humo na kuvuta maji. Tatizo ni kwamba ule uji mtamu ndani ya chupa una mabaki ya sukari nyingine, galaktosi na laktosi, na hizo zinafyonzwa. Siyo sumu, wapo madaktari wanaowapa paka wa kisukari kwa uangalifu, lakini ukiitumia ujue namba zinaweza kupanda na usikimbilie kuongeza insulini. Halafu ni tamu na inanata, paka wanaichukia. Wa kwangu alinitemea, ikakaukia kwenye shati mpaka shati likasimama lenyewe.

PEG 3350 ni unga usio na ladha, hauna sukari, karibu wote unapita bila kufyonzwa na unashikilia maji ndani ya kinyesi. Unachanganywa kwenye chakula chenye majimaji. Wengi wanaanzishiwa moja ya nane mpaka robo ya kijiko cha chai mara mbili kwa siku, halafu unapandisha au kushusha kulingana na unachokikuta kwenye trei. Haufanyi kazi usiku mmoja, mpe siku mbili tatu.

Unaponunua soma nyuma ya kopo. Unataka lenye PEG 3350 peke yake. Yapo yaliyochanganywa na chumvichumvi za sodiamu na potasiamu, yapo yenye ladha ya limau na vitamu. Hayo waachie watu.

---

Tabibu wa Wanyama (#12)

Umeeleza vizuri kuliko mimi. Naongeza mawili. PEG haina maji yake, inashikilia yaliyopo; paka aliyekauka ukimpa unga bila maji hujamsaidia. Na paka aliyeziba kabisa na anatapika hapewi dawa ya kulainisha kwa mdomo, unakuwa unaongeza mzigo kwenye barabara iliyofungwa. Huyo anafunguliwa kwanza kliniki.

Dozi ikizidi choo kinakuwa maji, na kuharisha kwa paka wa kisukari kunampotezea maji na potasiamu zile zile tulizokuwa tunazitafuta.

---

Mpya Jukwaani (#13)

Samahani naingilia. Wa kwangu naye ana kisukari na choo chake kinasumbua lakini hajafikia huko. Nimesoma kwamba nyuzinyuzi zinasaidia vyote viwili, choo na sukari. Nimempa boga. Nipo sawa?

---

Sindano Mbili (#14)

Boga la kuchemsha tupu, kijiko cha chai kimoja, halina neno kwa wengi. La kopo angalia lisiwe lile la kutengenezea keki, lina sukari iliyoongezwa.

Lakini nyuzinyuzi si mchezo wa kubahatisha. Maganda ya psiliamu yanakunywa maji na kuvimba kama jeli. Ndani ya paka mwenye maji ya kutosha yanafanya kinyesi kiwe laini na kizito. Ndani ya paka mkavu yanageuka saruji. Na kama utumbo umeshatanuka na hauna nguvu ya kusukuma, kuongeza wingi wa kinyesi ni kumwongezea mizigo mpagazi aliyevunjika mgongo.

Kingine, nyuzinyuzi zinachelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Ni jambo jema, ila insulini aliyoizoea inaweza kuwa nyingi kuliko anavyohitaji sasa. Na hapa ngoja niwape kisa changu, kwa sababu mimi nilifundishwa kwa kiboko.

Nilikuwa na jike, miaka kumi, choo kigumu kila wiki. Nikasikia chakula kikavu ndicho kinachokausha, na ni kweli, chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 wakati cha kopo kina 75 na kuendelea. Siku moja nikatupa chote kikavu, nikamwekea cha kopo chenye wanga kidogo. Choo kilikaa sawa siku ya tatu. Nilifurahi mpaka nikawasimulia majirani. Nilichosahau ni kwamba kile kikavu ndicho kilichokuwa kinapandisha sukari, na dozi yangu ilikuwa imepimwa kwa chakula hicho.

Usiku wa nne nikasikia kitu kinagonga mguu wa meza. Tap, tap, tap. Nikawasha taa. Alikuwa anatembea kama mlevi, kichwa kinagonga kila kitu, mboni zimekuwa kubwa kama vifungo vya koti. Nikamchoma sikio, mashine ikasoma 38. Trei ilikuwa safi na choo kizuri kabisa kimekaa katikati, nakiangalia, na paka anakufa mikononi.

Nilimpaka asali kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, sikummiminia. Dakika kumi akaanza kunitambua. Nikampa chakula, nikapima kila nusu saa mpaka kunakucha, asubuhi tukaenda kwa daktari na dozi ikashushwa kwa nusu.

Tangu siku hiyo, nikibadilisha kitu chochote kinachohusu choo, iwe chakula, boga, unga au dawa, nabadilisha kimoja tu, naandika tarehe, na wiki hiyo napima sukari kama ndiyo kwanza ameanza insulini. Na namwambia daktari kabla, siyo baada.

---

Bwana Masharubu (#15)

Hiyo tap tap imenitoa jasho.

---

Mpya Jukwaani (#16)

Nimekoma, boga nimelipunguza na kesho nampigia daktari. Lakini wa kwangu hachomwi. Anakunywa dawa ya maji mara moja kwa siku, ile mpya ya kutoa sukari kwa mkojo. Kwa hiyo hatari ya kushuka sukari mimi sina, sivyo?

---

Tabibu wa Wanyama (#17)

Mpya, soma hapa polepole.

Dawa za kundi hilo, beksagliflozini (kidonge, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2022) na velagliflozini (ya maji, 2023), zinafanya kazi kwa kuziamuru figo zimwage sukari. Kushuka kwa sukari ni nadra ukilinganisha na insulini, hapo upo sahihi. Lakini maji anapoteza, ndiyo namna dawa yenyewe inavyofanya kazi. Wengi huharisha kidogo mwanzoni, wengine wakikaukiwa choo kinakuwa kigumu.

Hatari yake imejificha kwingine. Paka akiacha kula akiwa kwenye dawa hizi, anaweza kuingia kwenye ketoni nyingi huku sukari inasoma ya kawaida. Mwenye paka anapima, anaona 130, anasema sukari safi, hili ni choo tu, anampa boga. Siku ya pili paka kalala chini hainuki.

Kwa hiyo kwako kanuni ni fupi: amekataa kula, anatapika, amezubaa, usimpe dozi inayofuata, pima ketoni na umpeleke siku hiyo hiyo, hata kama mashine ya sukari inakupa tabasamu. Vijiti vya ketoni kwako si vya hiari.

---

Mpya Jukwaani (#18)

Hili hakuna aliyeniambia. Au niliambiwa sikusikia. Nashukuru sana Dokta.

---

Kiroboto Mstaafu (#19)

Wakuu mmeongelea tumbo, hakuna aliyeuliza miguu. Shomari anatembeaje?

Nauliza kwa sababu wa kwangu alikuwa anatembea kwa visigino, miguu ya nyuma imelala chini kama ya sungura. Ni mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari ya muda mrefu. Paka wa hivyo kuchuchumaa ni kazi. Anaanza, miguu inatetemeka, anakata tamaa katikati, kinyesi kinarudi kukaa. Mimi nilihangaika na dawa miezi miwili, kumbe trei yangu ilikuwa na ukuta wa sentimita kumi na tano, lazima aruke. Nikachukua beseni pana, nikakata upande mmoja mpaka ubaki kama vidole vitatu, nikaweka zulia la mpira mbele asiteleze. Nikaongeza trei ya pili chumbani anakolala. Wiki hiyo hiyo tofauti nikaiona.

Sukari ilipokaa vizuri kwa miezi kadhaa na miguu nayo iliinuka, siyo yote, lakini anapanda kochi sasa.

---

Mama Shomari (#20)

Kiroboto umenifumbua macho. Shomari hatembei kwa visigino lakini akiingia kwenye trei anashika ukuta kwanza kama mzee anayeshuka kwenye gari. Nilidhani ni maringo.

Tumerudi nyumbani jana. Maelekezo niliyopewa: PEG moja ya nane ya kijiko mara mbili, chakula cha kopo tu na kijiko cha maji ya uvuguvugu juu yake, insulini wameishusha kwenye uniti moja na nusu mpaka tuone, potasiamu ya unga kwa wiki mbili, kupima tena damu baada ya siku kumi.

Kliniki sukari yake ilikuwa inasoma 400 na kitu, nyumbani leo 231. Nikashtuka nikadhani mashine yangu mbovu.

---

Tabibu wa Wanyama (#21)

Mashine yako nzima. Paka akiogopa au akiumwa, homoni za hofu zinapandisha sukari kwa haraka. Choo kigumu peke yake ni maumivu ya kutosha kumpandisha. Ndiyo maana hatupandishi dozi kwa kusoma namba ya siku ya shida. Subiri atulie.

Swali moja: anatumia dawa nyingine yoyote? Ya maumivu, ya figo, ya mzio?

---

Mama Shomari (#22)

Ngoja nitazame... Ipo. Wiki mbili zilizopita aling'olewa jino, alipewa dawa ya maumivu ya matone ya kuweka ndani ya shavu kwa siku tano. Kopo linasema buprenofini.

---

Tabibu wa Wanyama (#23)

Basi tumepata kipande kilichokosekana. Dawa za jamii hiyo zinapunguza mwendo wa utumbo. Hazikatazwi, jino bovu nalo linaharibu sukari na lilipaswa kutoka, lakini kwa paka mwenye tabia ya choo kigumu anapewa dawa ya kulainisha sambamba tangu siku ya kwanza. Mwambie daktari wako aandike hilo kwenye faili.

Nyingine za kuangalia kwa paka wazee: dawa za kufunga fosfeti zenye alumini kwa wenye figo, zile za kupunguza maji mwilini kwa wenye moyo, madini ya chuma, na baadhi ya dawa za mzio. Mtu asiziache mwenyewe. Aulize tu.

---

Bwana Masharubu (#24)

Zile dawa za mirija za mipira ya manyoya je? Zinalambwa, paka anazipenda, na zinalainisha.

---

Sindano Mbili (#25)

Ndiyo, na soma kwa nini anazipenda. Nyingi ni mafuta ya mgando (petroli jeli) yaliyotiwa kimea na sharubati ya sukari. Paka wa kisukari huyo unamlambisha peremende kila siku. Na maziwa vilevile, kabla hujauliza.

---

Bwana Masharubu (#26)

Nilikuwa nataka kuuliza maziwa kweli 😂

---

Mpya Jukwaani (#27)

Dokta, ikishindikana PEG na maji na chakula, kinachofuata ni nini? Maji ya chini ya ngozi naona watu wanawapa nyumbani.

---

Tabibu wa Wanyama (#28)

Maji ya chini ya ngozi yanasaidia sana wenye figo, na unaweza kufundishwa kuyatia nyumbani. Mambo mawili tu. Chupa isiwe ya maji yenye dekstrozi, hiyo ni glukosi kwa jina jingine. Na moyo usikilizwe kwanza, maana paka wazee wengi wana ugonjwa wa moyo ambao haujatoa dalili, maji mengi yanaishia kwenye kifua.

Baada ya hapo ipo sisapraidi, inayouamsha utumbo mpana usukume. Ilitolewa kwenye matumizi ya watu kwa sababu ya moyo, paka wanaivumilia, lakini inatengenezwa kwa agizo la daktari, haitolewi kwa aliyeziba, na haichanganywi na baadhi ya dawa za fangasi. Utumbo ukishatanuka na kulegea moja kwa moja, unabaki upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya utumbo mpana. Wengi wanaishi vizuri baada yake, choo kikiwa laini. Ila ni heri tusifike.

---

Mama Shomari (#29)

Siku ya kumi na tisa. Naandika kwa sababu niliahidi.

Nina daftari jikoni, mistari minne kila siku: kala nini, sukari, dozi, trei. Saa 36 zikipita bila choo naongeza kijiko cha maji na kumwandikia daktari. Zikifika 48 nampigia. Mpaka sasa imetokea mara moja, siku niliyosahau unga asubuhi.

Potasiamu imerudi kawaida. Sukari inacheza kati ya 140 na 250, dozi imebaki moja na nusu. PEG ilipofika robo kijiko choo kikawa uji, tukarudi moja ya nane. Trei nimeikata ukuta kama alivyosema Kiroboto, kisu kiliteleza nikajikata kidole gumba.

---

Kiroboto Mstaafu (#30)

Ungepasha kisu moto kwanza. Plastiki inakatika kama siagi.

---

Mama Shomari (#31)

Sasa unaniambia.

Leo alfajiri nimesikia anafukua mchanga muda mrefu, nikatulia kitandani nasikiliza. Hakulia. Katoka mbio mpaka sebuleni, kapiga mbio mbili kuzunguka kochi kama mtoto. Nimeenda na tochi: viwili, virefu, kahawia, vina unyevu. Sukari 188. Kala bakuli lote, nimemchoma.